Mbachao na Msala

Wahenga wa pwani walituachia methali mbili zisizopatana. Ya kwanza husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya pili huonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Nilijifunza zote mbili ujanani, kwa kusikiliza mashairi redioni na kunakili kila neno nililolipenda, kwani shule yangu ya ushairi ilikuwa hiyo tu. Sikutazamia kwamba siku moja zingenifuata hadi Mbulumbulu, mbali na bahari, zikanitaka niamue baina yao kwa sababu ya baiskeli ya kubebea maziwa. Swali lenyewe lilikuwa jepesi kulitamka: je, baiskeli kongwe ya mizigo itiwe mota na betri, au inunuliwe mpya iliyozaliwa ya umeme?

Msomaji wa visiwani huenda halijui jina la Mbulumbulu, ingawa pengine amepita karibu nalo akielekea Ngorongoro. Ni kata ya wilaya ya Karatu, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Upande mmoja ni msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro. Upande wa pili ardhi hukatika ghafla, na macho huangukia bondeni, kuelekea Engaruka. Tunalima ngano, shayiri, mahindi na maharage. Lugha ya nyumbani kwa walio wengi ni Kiiraqw. Kiswahili ni lugha ya shule, soko na, kwa wachache wetu, ya ushairi. Udongo ni mwekundu. Kiangazi huwa vumbi laini lipandalo hadi kwenye kope. Masika huwa utelezi ambao hata punda huupima kwa kwato kabla ya kuukanyaga.

Mizigo yetu hubebwa na punda, na mkokoteni wa ng'ombe, na pikipiki, na baiskeli ya Phoenix, ile nyeusi ya Kichina yenye fremu nzito na keria pana. Ndugu yangu mdogo aliinunua moja kwa fedha za ngano miaka ya 1980. Alipofariki, Mungu amrehemu, ilirithiwa na kijana wake, ambaye kwa desturi zetu ni mwanangu pia. Kila alfajiri kijana huyo hukusanya maziwa nyumba kwa nyumba, akafunga madumu yenye lita 80, akayapeleka hadi barabara ya lami. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 20, na miinuko yake yote ikijumlishwa hufika mita 200. Kwenye milima hapandi baiskeli, huisukuma. Goti lake la kulia likaanza kuvimba. Muuguzi wa zahanati akamwambia apunguze kusukuma, lakini maziwa hayajui ushauri wa zahanati: yakichelewa juani huchachuka, na mnunuzi huyakataa.

Pikipiki tuliihesabu tukaikataa. Tangu petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022, faida ya lita 80 za maziwa ingeishia tangini. Ndipo likaja wazo la umeme, kwani nguzo zilikwisha kufika kijijini. Betri ya volti 48 na ampea-saa 13 hubeba wati-saa 624. Kuijaza hakumalizi hata uniti moja, na mteja mdogo wa TANESCO, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Hadi hapo hatukuwa na ubishi. Ubishi ulianzia kwenye njia ya kuupata umeme huo barabarani.

Kijana aliniletea mafungu mawili ya karatasi, yote ya Kiingereza. "Shikamoo, baba mkubwa. Wewe ndiwe mfasiri wetu. Tusomee, kisha utuambie." Fungu la kwanza lilikuwa la baiskeli mpya ya umeme kutoka ng'ambo. La pili lilikuwa la vifaa vya kubadilishia: gurudumu lenye mota, betri, kidhibiti, waya na chaja. Tulipozipima bei kwa kipimo cha nyumbani, baiskeli mpya, pamoja na usafiri na ushuru, ilikaribia mitamba mitatu. Vifaa vya kubadilishia vilikuwa mtamba mmoja na mbuzi. Nasi mitamba tuliyokuwa nayo ilikuwa mitatu kamili, na miwili kati yao ilikwisha kuwekewa nadhiri ya ada ya dada yake kijana katika chuo cha uuguzi.

Lakini bei si hoja ya kwanza, na haki ya kile kipya lazima isemwe. Baiskeli iliyoundwa ya umeme tangu mwanzo ina viungo vinavyojuana. Fremu yake imepimwa kwa uzito wa betri, breki zake kwa mwendo wa mota, na waya zake zimepitishwa ndani ambako maji hayafiki. Mtu aishiye Dar es Salaam au Nairobi, karibu na fundi wa kampuni iliyomuuzia, na mwenye fedha, namshauri anunue, tena asisite.

Tatizo ni kwamba kila chombo huundwa kwa ajili ya barabara fulani. Sheria ya Umoja wa Ulaya huihesabu baiskeli ya umeme kuwa baiskeli ikiwa mota yake haizidi wati 250, na ikiwa msaada wake hukoma mwendo ufikapo kilomita 25 kwa saa. Nyingi zinazouzwa duniani zimekatwa kwa kipimo hicho. Sasa tazama mlima wetu. Kijana, baiskeli, mota na madumu yaliyojaa ni kama kilo 180. Kuupandisha uzito huo kwenye mwinuko wa mita 8 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, kunahitaji karibu wati 400 za kushinda mwinuko peke yake, kabla ya kuhesabu zinazomezwa na vumbi na mashimo. Miguu ya mtu mwenye afya, akienda muda mrefu, hutoa kama wati 100. Goti bovu hutoa pungufu ya hapo. Iliyobaki ni kazi ya mota, na mota ndogo ikilazimishwa kila siku huchemka hadi ikaungua. Baiskeli ile ya karatasini ilikuwa nzuri, lakini iliandikwa kwa lugha ya lami na tambarare.

Kubadilisha nako kuna hatari zake, tena zinazoua. Phoenix ina breki za fimbo, ambazo hubana upande wa ndani wa rimu ya chuma. Rimu ya chuma ikilowa, breki hizo husihi tu, haziamuru. Mtu anayesukuma kwa miguu huweza kuvumilia hali hiyo. Anayeshuka ukingoni na kilo 180 atakutwa korongoni. Aidha, mota ya gurudumuni huizungusha ekseli yake kwa nguvu upande wa kinyume. Ikishikwa na nati peke yake huweza kuzitanua panda za fremu, ikajing'oa na kukata waya zake. Karatasi zilitaka kiwekwe kipande cha chuma cha kuishikilia ekseli kwenye fremu. Nilikipigia mstari mara mbili.

Nilizifasiri karatasi hizo kwa muda wa wiki mbili, nikakaa na fundi wa baiskeli wa kijijini kuzisoma. Mota hiyo nimeiita mota ya kitovu, kwa kuwa kitovu cha gurudumu ni neno letu la siku zote, na fundi alilikubali kwa kichwa. Kidhibiti alikiita kontrola, nami nikaliacha liwe kontrola, kwa sababu ndilo neno atakalolitumia mtu akiwa amelala chini ya baiskeli mvua ikinyesha. Ule mkono wa kuongezea mwendo, ambao nilitaka kuutungia jina, akaumaliza kwa neno moja: "Resi, mzee." Kufikia mwisho fundi aliweza kuieleza kila waya bila kuzitazama karatasi, na mimi nikaipata hoja niliyokuwa nikiitafuta. Chombo ambacho fundi wa kwetu anaweza kukitaja kila kiungo, anaweza kukifungua. Chombo kisichofunguliwa kijijini hufa siku ya kuharibika, hata kama kilikuwa bora kuliko vyote.

Mbulumbulu yenyewe ina kumbukumbu ya vipya vilivyoletwa vikiwa kamili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Upper Kitete ilikuwa mojawapo ya makazi ya mfano ya taifa changa, ikilima ngano kwa mashine. Mwaka 1966 serikali iliachana na utaratibu wa makazi ya namna ile, kwa kuwa gharama za mitambo na madeni zilizidi uwezo. Wakulima hawakuwa wavivu, na trekta halikuwa baya. Lakini chombo kilikuja na mahitaji ambayo mahali hapakuweza kuyalisha.

Wala sidai kwamba kubadilisha ndiyo njia ya milele. Kwenye lami ile ile ya Karatu hupita magari ya safari yaliyotolewa injini ya dizeli na kutiwa mota. Gari la kwanza la aina hiyo lilianza kupeleka watalii Serengeti mwaka 2018. Lakini Nairobi, kampuni ya Opibus iliyoanzishwa mwaka 2017 kwa kazi ya kubadilisha magari iliendelea hadi kuunda pikipiki zake za umeme, na mwaka 2022 ikajiita Roam. Na huko Jinja, Uganda, shirika la FABIO pamoja na EURIST la Ujerumani wameleta baiskeli ya umeme ya mizigo, AfricroozE, iliyokusudiwa barabara za Afrika. Hiyo ndiyo njia ya tatu: kipya kilichotungwa kwa vina vyetu. Siku itakapouzwa Karatu, na spea zake zikawa sokoni pamoja na tyubu na spoku, nitakuwa wa kwanza kumwambia kijana auze Phoenix.

Wapenzi wa ushairi wanaujua ubishi huu kwa jina jingine. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi, wapo waliosema ameuacha mbacha wa wazee, na wapo walioona kwamba shairi lilihitaji fremu mpya kwa mzigo mpya. Mwalimu Nyerere, alipomtafsiri Shakespeare mwaka 1963 na tena 1969, alikuwa akitia nguvu ya kigeni katika mwili wa Kiswahili. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi kwa matini ndogo ndogo, na jambo moja nimelishika: lugha inayopokea hupimwa kwanza. Ukilitia wazo zito katika ubeti dhaifu, ubeti huvunjika, na lawama humwangukia mwandishi wa asili asiyekuwapo.

Tuliketi kikao cha nyumbani. Wajomba wawili walitaka baiskeli mpya, kwa hoja kwamba mtu haviki kanzu ya maiti kwenda harusini. Mama yake kijana aliwasikiliza hadi mwisho, akasema: "Shemeji zangu na kaka zangu, mitamba ya binti haiuzwi." Hakuna aliyejibu. Nami nikasema langu: baiskeli ibadilishwe, kwa sharti kwamba mota iwe kitu cha mwisho kufungwa. Kwanza breki, pili magurudumu, tatu fremu, ndipo umeme.

Ikawa hivyo. Fundi aliondoa breki za fimbo, akachomelea vishikizo vya breki za kubana, akaweka rimu ya alumini, ambayo hushika vizuri zaidi ikilowa. Gurudumu la nyuma likasukwa upya kwa spoku nene. Ekseli ikapata kishikilio cha chuma kilichokatwa kutoka jembe bovu la trekta. Tulichagua mota ya wati 500, na kontrola ikafungiwa mahali ambapo tope halirukii. Mita 200 za miinuko, kwa hesabu yangu, hula kama wati-saa 130 pamoja na zinazopotea njiani. Zilizobaki zinatosha vumbi na kurudi nyumbani.

Sasa ni masika ya pili. Goti halivimbi kama zamani, ingawa halikupona kabisa. Maziwa hufika kabla jua halijakaza. Dada yake yuko chuoni. Haya nayasema kwa kipimo chake, kwani deni lipo na lina tarehe: betri ya litiamu huchoka kwa kujazwa na kumalizwa mara kwa mara, na siku moja haitaufikisha mzigo lami. Kwa hiyo kila juma kijana hutenga fedha ya betri ijayo katika kopo lile lile ambalo mama yake huwekea fedha ya mbegu, na halifunguliwi kwa harusi wala kwa msiba. Ile iliyochoka itawasha taa za nyumbani miaka michache, kisha itatulazimu kutafuta pa kuipeleka, kwa kuwa si takataka ya kufukia shambani.

Methali ya mbachao, nijuavyo mimi sasa, haikatazi msala mpya. Humtaka mwenye mbacha aukague kwanza, ashone palipotoboka, na ajue ni nani kijijini aliye na sindano.