Majilio Yaliyoanza kwa Tope



Wapendwa taifa la Mungu, tungali ndani ya Oktava ya Noeli. Makanisa yetu yamepambwa, pango limewekwa karibu na altare, na nyimbo za malaika zinaendelea kusikika katika jumuiya zetu. Hata hivyo Mama Kanisa, kwa hekima yake ya karne nyingi, hatuachi tukae katika furaha isiyo na macho. Siku moja tu baada ya Noeli anatuwekea Stefano, shahidi aliyepigwa mawe. Na tarehe 28 Desemba anatuwekea Watoto Mashahidi wa Betlehemu, pamoja na kilio cha Raheli anayewalilia wanawe na kukataa kufarijiwa. Hori na kaburi vimo katika juma moja. Sisi tunaoishi chini ya mlima Hanang na juu ya miinuko ya Mbulu tunajua vema kwa nini inafaa iwe hivyo.

Katika tafakari ya juma hili tunapenda tuirudie siku moja ambayo haiwezi kufutika katika historia ya pande hizi, yaani Dominika ya kwanza ya Majilio, tarehe 3 Desemba 2023. Mvua za vuli za mwaka ule zilikuwa nyingi kupita kawaida. Alfajiri ya Dominika hiyo, saa ambayo nyumba nyingi hujiandaa kwa Misa ya kwanza, tope zito lililobeba mawe na magogo lilishuka kutoka mlimani likavikumba vitongoji vya Katesh, Gendabi na Jorodom. Wengine walizolewa wakiwa bado kitandani. Wataalamu wa jiolojia walieleza baadaye kwamba haukuwa mlipuko wa volkano, ingawa mlima wetu, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ulizaliwa na volkano. Sehemu ya mlima ilikuwa imenyonya maji mengi, ikalegea, ikameguka, na tope likafuata njia ya maji hadi kwenye makazi ya watu. Waliopoteza maisha walifikia 89, watoto wakiwa miongoni mwao. Majeruhi walikuwa zaidi ya 100, na wengi wao walipokelewa katika Hospitali ya Wilaya ya Hanang, ile ambayo watu wanaiita Tumaini.

Sasa tuyakumbuke masomo ya Dominika hiyo, kwa maana hakuna aliyeyachagua kwa ajili ya Hanang. Yalikuwa yamepangwa miaka mingi kabla kwa ajili ya Kanisa lote duniani. Katika somo la kwanza nabii Isaya anamlilia Mungu azipasue mbingu na kushuka, hata milima itetemeke mbele zake. Tena anakiri kwamba sisi sote ni udongo, na Mungu ndiye mfinyanzi wetu. Katika Injili ya Marko, Bwana anawaambia watumishi wake wakeshe, kwa kuwa hawajui mwenye nyumba atarudi lini: jioni, usiku wa manane, awikapo jogoo au asubuhi. Mlima, udongo, kukesha, alfajiri. Maneno yanayosomwa kila baada ya miaka mitatu yaligeuka siku ile kuwa maneno mazito mno kutamkwa mbele ya watu waliokuwa wakichimba matope kwa majembe na kwa mikono kuwatafuta ndugu zao.

Hapo ndipo swali linapozaliwa, nalo ni swali la haki ambalo mchungaji hapaswi kulikwepa: Je, Mungu ndiye aliyeshuka siku ile pamoja na mlima? Je, hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kujibu sala ya Isaya?

Wapo waliosema hivyo, na bado wapo wanaosema. Walisema ni adhabu kwa sababu ya dhambi za watu fulani, au kwa sababu mila fulani zimeachwa, au kwa sababu zimeshikwa mno. Ndugu zangu, Bwana wetu mwenyewe alikwisha kulijibu jambo hili. Mwinjili Luka anatusimulia habari za mnara wa Siloamu ulioanguka ukawaua watu kumi na wanane. Yesu aliwauliza wasikilizaji wake kama walidhani wale waliokufa walikuwa wakosefu kuliko watu wengine wote wa Yerusalemu, kisha akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Badala ya kuwahukumu marehemu, aliwageukia walio hai akawaita watubu. Basi mtu anayesimama juu ya tope la Katesh na kuhesabu dhambi za waliozikwa humo anafanya kazi ambayo Kristo alikataa kuifanya. Mtoto aliyechukuliwa na tope akiwa usingizini hakuwa na deni lolote kwetu, wala sisi tuliobaki hatukubaki kwa sababu ya wema wetu.

Mungu aliijibu vipi, basi, sala ya nabii? Jibu ndilo tunaloliona pangoni. Mbingu zilipasuka kweli, naye akashuka kweli, lakini milima haikutetemeka. Alishuka kama mtoto mchanga, akalazwa katika hori la kulishia wanyama kwa sababu wazazi wake hawakupata nafasi penginepo. Aliyekuwa mfinyanzi alikubali kuwa udongo. Hili ndilo fumbo la Noeli: Mungu wetu hakuja kutuangukia, alikuja kukaa nasi chini, mahali ambapo vitu hutuangukia.

Noeli ya mwaka 2023 ilikuwa pia kumbukumbu ya miaka 800 tangu Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipotengeneza pango la Noeli huko Greccio, nchini Italia, mwaka 1223. Fransisko hakutaka mapambo. Alitaka hori la kweli, nyasi za kweli, ng'ombe na punda, ili watu waone kwa macho yao adha alizozipata Mtoto Yesu kwa kukosa mahali pa kulala. Katika mwaka huohuo wa 800, familia nyingi za Hanang zilianza Majilio zikiwa zimelala katika madarasa ya shule yaliyogeuzwa makambi, juu ya magodoro ya msaada, chini ya mablanketi waliyopewa na watu wasiowafahamu. Anayetaka kujua Betlehemu ilifananaje hakuhitaji kupanda ndege.

Katika siku zile Mungu Pamoja Nasi alionekana. Alionekana kwa majirani waliofika kabla ya vyombo vya uokoaji. Kwa askari na wahudumu wa afya waliofanya kazi bila kulala. Kwa akina mama waliochemsha uji kwenye masufuria makubwa. Kwa Wakristo na Waislamu, Wairaqw, Wabarabaig, Wanyaturu na wageni wa juzi, waliobeba machela moja bila kuulizana dini wala kabila. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa dunia wa mabadiliko ya tabianchi, aliikatiza safari yake, na tarehe 7 Desemba akawa Katesh miongoni mwa wafiwa. Mwishoni mwa mwaka 2024 familia zilizopoteza makazi zilikabidhiwa nyumba mpya, zaidi ya 100, katika kijiji cha Waret. Tunamshukuru Mungu kwa yote hayo, na tunawashukuru wote waliotoa, aliyetoa kwa lori na aliyetoa debe moja la mahindi.

Lakini nyumba si familia. Ukuta mpya haumrudishii mjane mume wake, wala bati jipya halimfundishi yatima kumwita mtu mwingine mama. Hatari tuliyo nayo leo ni kusahau. Kamera zimeondoka, mablanketi yamechakaa, na wafiwa wamebaki na Desemba yao. Kila Majilio yanapoanza, sisi tunawasha mshumaa wa kwanza, nao wanahesabu mwaka mwingine. Mtu wa namna hiyo akikaa kanisani kwenye benchi la nyuma wakati kwaya inaimba utukufu juu mbinguni, anahitaji mtu wa kukaa karibu naye.

Hapo ndipo tunapoelewa agizo la Injili ya siku ile. Wengi wetu tulifundishwa kwamba kukesha ni kuogopa, kana kwamba Bwana ni mwizi anayetuvizia. Lakini katika mfano wa Marko, mwenye nyumba aliwaachia watumishi wake mamlaka, kila mtu na kazi yake. Kukesha ni kuitunza nyumba ya mwingine akiwa hayupo. Anayekesha msibani hakeshi kwa hofu; anakesha ili mfiwa asibaki peke yake usiku. Huku kwetu jambo hili linaeleweka bila kamusi.

Tunapenda basi kuwaalika kukesha kwa namna tatu.

Kwanza, tukeshe kwa sala. Wazee wa Kiiraqw wana slufay, sala ya baraka ambamo mzee mmoja hutamka maombi na watu wote humwitikia. Hakuna anayeomba peke yake, wala hakuna anayekaa kimya. Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zinaweza kusali kwa moyo huohuo. Katika juma hili la Oktava, kila jumuiya iwaombee marehemu wa Hanang, na pale wanapofahamika, itaje majina yao. Hesabu ya 89 ni ya taarifa. Kwa Mungu kila mmoja ana jina, na ibada yetu kwa marehemu haina budi kufanana na kumbukumbu ya Mungu.

Pili, tukeshe kwa matendo ya huruma. Januari inakaribia, na pamoja nayo ada, sare, madaftari na michango ya shule. Mtume Yakobo anatuonya juu ya imani inayomwambia mwenye njaa aende kwa amani ashibe, huku ikimwacha mikono mitupu. Basi sehemu ya kile tulichokiweka kwa ajili ya sherehe na itengwe kwa yatima mmoja, mjane mmoja, mzee mmoja. Hatusemi watu wasile pilau ya Noeli. Bwana mwenyewe alikaa arusini Kana. Tunasema kiti kimoja mezani kiwe cha mtu ambaye hakualikwa na mwingine.

Tatu, tukeshe kwa kuitunza nchi. Tarehe 2 Desemba 2023, siku moja kabla ya msiba wetu, ujumbe wa Hayati Papa Fransisko ulisomwa kwa niaba yake katika mkutano uleule wa Dubai, kwa kuwa ugonjwa ulimzuia kusafiri. Aliwasihi wakuu wa dunia wachague uhai kuliko faida. Katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 alikuwa amekwisha kufundisha kwamba maumivu ya dunia na maumivu ya maskini hayatenganishwi. Hatuwezi kuzuia mvua, wala si kila mmeguko wa mlima husababishwa na mkono wa mwanadamu. Hatupaswi kuwabebesha wafiwa lawama hiyo. Lakini tunaweza kusikiliza wanapotuambia wataalamu kwamba korongo fulani ni njia ya maji na si kiwanja. Tunaweza kuuheshimu msitu wa hifadhi wa mlima Hanang, na kupanda miti pale ilipokatwa. Wazee wa Irqwar Da'aw, kwenye vilele vya Mbulu, tangu zamani walijua kulima miteremko mikali kwa matuta na samadi bila kuacha udongo uondoke na mvua. Walijua kwamba udongo ni amana. Sisi wajukuu wao, tunaokiri kwamba Mungu mwenyewe alitwaa mwili wa udongo, tuna sababu kubwa zaidi ya kuulinda.

Wapendwa, mbele ya pango letu kuna watu wa aina mbili: anayekuja akiimba na anayekuja akiwa amenyamaza. Mtoto aliye horini anawapokea wote wawili, na pengine yule aliyenyamaza amelielewa hori kuliko sisi. Tusimharakishe kufurahi. Raheli hakukemewa kwa kulia. Injili iliandika kilio chake ndani ya habari za Noeli, na hapo kimebaki mpaka leo. Tumpe nafasi, tumpe mkono, naye ataimba siku Mungu atakapomjalia.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyeshuka kwetu kwa upole, uwapokee katika mwanga wako ndugu zetu waliochukuliwa na tope alfajiri ya Dominika. Uwafariji waliobaki, uwape wajane nguvu na yatima malezi. Uilinde milima yetu, utufundishe sisi kuilinda pamoja nawe. Na utukeshe macho, ili jirani yetu asilie usiku na sisi tusisikie. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Tunawatakia nyote, wa Mbulu na wa Hanang, walioko nyumbani na walioko mbali, heri ya Noeli na Mwaka Mpya wenye amani. Baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, iwashukie na ikae nanyi daima.