Safu Tupu Katika Daftari la Ubatizo

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo hunukuliwa kila mara kumwonya kijana anayezidharau mila za kwao. Ni nadra kwa mwalimu au mwanafunzi kuigeuza na kuitazama kwa upande wa pili. Je, mtumwa mwenyewe, ambaye hakuiacha asili yake bali aliporwa, tumwiteje? Na wajukuu wake, ambao leo wanalima mahindi na mihogo kaskazini ya Mto Sabaki, waianzie wapi safari ya kuitafuta?

Kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Magarini, swali hili halikuwa la kinadharia. Ukoo wake ni wa Kigiriama, na wazee wake huweza kuihesabu mbari yao kizazi baada ya kizazi hadi kuifikia Kaya Fungo. Hesabu hiyo, hata hivyo, hufuata wanaume. Inapomfikia bibi yake babu, mke wa yule mzee aliyeuvuka Sabaki na kufyeka msitu, husita ghafla. Watoto huambiwa kwamba alitoka Rabai na kwamba alijua kusoma. Basi. Kimya hicho kilikuwa na makali yake, kwa maana kila ulipozuka ugomvi wa mpaka wa shamba, hakukosekana wa kunong'ona kuwa wale ni wana wa mtoro, watu wa kuja, wasio na haki ya kusema mbele ya wenyeji.

Neno mtoro lina historia yake katika nchi hii. Kuanzia miaka ya 1860 Malindi ilifufuka kwa mashamba makubwa ya nafaka na ufuta yaliyolimwa na watumwa, wengi wao wakiwa wametekwa katika nchi za Wayao, Wanyasa na Wamakua. Mkataba wa 1873 baina ya Sultani Barghash na Uingereza ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini, lakini haukumfungua aliyekwisha kufika shambani. Katika mwambao wa Kenya, utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Hapo katikati, aliyechoka alitoroka. Wako waliojijengea vijiji msituni, na wako waliokimbilia misheni ya Rabai, iliyoasisiwa na Krapf na Rebmann mwaka 1846. Mabwana walipodai mali yao, Kampuni ya Imperial British East Africa ilikubali kuwalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa vyeti vya uhuru.

Mwalimu alianza na kitu kimoja tu: kadi ya ubatizo iliyokunjwa mara nne, ambayo Hawe, dada wa babu yake, aliihifadhi ndani ya Biblia. Ilikuwa na jina la Kizungu na mwaka. Kwa kadi hiyo alisafiri hadi kanisa moja kongwe la misheni, akaketi siku mbili mbele ya daftari lililoliwa pembe na mchwa. Madaftari ya ubatizo ya Kianglikana yalifuata mtindo uliowekwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1812: tarehe, jina la ubatizo, majina ya wazazi, makazi, kazi, na jina la kasisi. Mtindo huo ulibuniwa kwa ajili ya mtoto mchanga aletwaye na baba na mama. Haukumfikiria mwanamke mtu mzima aliyenyakuliwa kwao utotoni. Katika mstari wa mwanamke aliyekuwa akitafutwa, safu ya wazazi ilikuwa na kistari kimoja cha wino. Pembeni, kwa herufi ndogo, kasisi alikuwa ameongeza jina la awali. Lilikuwa jina lenye maana ya shida. Ndilo jina la Hawe, na ndilo jina la mwalimu mwenyewe.

Furaha ya ugunduzi huo ilimjia pamoja na uchungu. Mtumwa wa pwani alikuwa na majina matatu. La kwanza alipewa na wazazi wake. La pili alipewa na bwana, mara nyingi jina la siku ya juma, la kito, la bahati au la mashaka. La tatu alipewa na kasisi. Lililoandikwa pembeni lilikuwa la pili. La kwanza halikuandikwa popote. Hata hivyo, desturi ya Wagiriama ya kuwapa wajukuu majina ya babu na bibi zao ilikuwa imelibeba lile la pili bila kulijua maana, kizazi kimoja kikiruka kingine, hadi darasani Magarini.

Jina peke yake si ushahidi, kwa kuwa lina wenyewe wengi. Ilimbidi mwalimu aligeukie daftari la ndoa, alitafute jina la mume na la kijiji, kisha alinganishe miaka. Hapa elimu ya Kiswahili ilimfaa kuliko alivyotazamia. Kabla ya usanifishaji wa miaka ya 1930, kila mmishenari aliandika kama sikio lake lilivyosikia. Krapf mwenyewe aliandika Rabbai kwa b mbili na Kisuludini kwa d. Anayetafuta jina kwa tahajia ya leo huenda akalipita mara tatu bila kuliona. Sharti alisome kwa sauti, alisikilize kama Mjerumani au Mwingereza alivyolisikia, ndipo mwenye jina ajitokeze.

Kazi ya namna hii haifanyiki Magarini pekee. Waayalandi, ambao mababu zao walitawanyika duniani wakati wa njaa kuu ya 1845 hadi 1852, nao hutegemea vitabu vya parokia, kwa kuwa Ofisi ya Kumbukumbu za Umma ya Dublin iliteketea mwaka 1922 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tofauti ni kwamba mwaka 2015 Maktaba ya Taifa ya Ayalandi ilitia picha za madaftari ya parokia za Kikatoliki katika intaneti, wazi kwa kila mtu. Barua za wamishenari wa Rabai zimehifadhiwa vizuri katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Nauli ya kuzifikia inashinda mavuno ya shamba zima.

Magarini nayo iliwahi kuungua. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ilipoazimia kuwahamisha Wagiriama kutoka kaskazini ya Sabaki, nyumba zilichomwa moto. Kadi ile iliokoka kwa sababu mwenyewe alikimbia nayo. Yamkini alielewa thamani ya karatasi kuliko majirani zake. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilikuwa imekwisha kuwaonyesha watu wa pwani kwamba asiye na maandishi huitwa mvamizi katika ardhi aliyoilima, na kidonda hicho bado hakijapona. Yeye alikwisha kuishi hali ambamo karatasi ndiyo inayomtenga mtu na mali ya mtu.

Mwalimu aliporudi alimsomea Hawe mistari yote miwili, wa ubatizo na wa ndoa, bila kuficha kile kistari. Hawe alinyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Na huyo mama yake, mjukuu wangu, hakuandikwa?"

"Hakuandikwa, Hawe."

"Basi tukimtaja bibi katika sadaka, tumtaje na mamaye. Koma hawaulizi jina."

Katika kauli hiyo ya mkongwe mna hekima ambayo daftari halikuwa nayo. Kistari kile hakikumaanisha kwamba mwanamke yule hakuwa na wazazi. Kilionyesha mahali ambapo elimu ya kasisi iliishia. Wanafunzi wa Kiswahili, ambao kila likizo hutumwa vijijini kukusanya methali na ngano, wangefanya vyema kuuliza pia majina, na kuyaandika pamoja na vimya vyake kabla Hawe wengine hawajaondoka. Mwacha asili ni mtumwa, ndiyo. Lakini bibi wa Magarini aliporwa asili yake na hakuiacha, na wajukuu wanaomtaja bila haya wanamrudishia sehemu ya kile ambacho cheti cha uhuru hakikuweza kumrudishia.