Msimu Mzima: Deni Letu kwa Hull na kwa Kaniama

Tarehe 11 Oktoba 2025, katika uwanja wa Old Trafford, Hull Kingston Rovers waliwashinda Wigan 24 kwa 6 na kutwaa ubingwa wa ligi kuu ya raga ya wachezaji 13. Mwezi Juni walikuwa wamekwisha kubeba Kombe la Challenge kwa kuwalaza Warrington 8 kwa 6, ushindi uliopatikana dakika za lala salama, na mwezi Septemba wakajihakikishia nafasi ya kwanza kwenye msimamo wa ligi, ambayo nayo ina taji lake. Mataji matatu kwa msimu mmoja, tena kwa klabu iliyokuwa haijaonja taji kubwa tangu 1985! Hull ni mmoja wa miji ya Uingereza iliyopokea wakimbizi wa Kongo kupitia mpango wa Gateway ulioanza mwaka 2004, na kwa sisi wa Kaniama, mji wa Katanga nchini Kongo, tunaoishi nchi hii, shangwe zile zinaleta swali zito. Je, kuishangilia timu ya mji unaokulea ni kuusahau mji uliokuzaa? Nasema hapana, lakini kwa sharti moja: tujifunze kilichowafikisha kwenye mataji, kisha tukitende na nyumbani. Kilichowafikisha si fedha peke yake. Ni watu kubaki na timu yao msimu baada ya msimu, hasa pale isipokuwa na la kuwapa.

Tazama walikopitia. Mwaka 2016 Rovers walishuka daraja katika mechi moja ya mwisho, nyumbani kwao Craven Park, mbele ya Salford. Mwaka 2020 walishika mkia, wakanusurika kwa sababu tu janga la korona lilifanya asishushwe mtu. Mwaka 2023 wakapoteza fainali ya kombe kwa pointi moja dhidi ya Leigh, na 2024 wakapoteza fainali ya ligi kwa Wigan. Mchezo wenyewe ulizaliwa katika ubishi juu ya riziki: mwaka 1895, mjini Huddersfield, klabu za raga za kaskazini mwa Uingereza zilijitenga kwa sababu zilitaka mchezaji afidiwe ujira anaoupoteza anapoacha kazi akacheze. Rovers nayo ilianzishwa mwaka 1882 na vijana waliokuwa wakijifunza ufundi wa kutengeneza mitungi ya mvuke. Watu wa Katanga hawahitaji kuelezwa sana habari hii. Saint-Éloi Lupopo, klabu ya soka ya Lubumbashi, hadi leo inaitwa timu ya Cheminots, yaani watu wa reli, na reli hiyohiyo ndiyo inayopita Kamina na Kaniama kuelekea Kasai. Huko na huku, timu zilizodumu zilikuwa na kundi la wafanyakazi waliozihesabu kuwa sehemu ya maisha yao ya kila juma.

Wapo watakaosema kwamba mji ule si wetu, na ushahidi wanao. Tarehe 3 Agosti 2024 wafanya ghasia mjini Hull waliishambulia hoteli iliyokuwa na waomba hifadhi. Jambo hilo halifai kufunikwa kwa bendera za ubingwa. Lakini mji huohuo una barabara kuu inayoitwa Clive Sullivan Way, kwa heshima ya mchezaji mweusi aliyezaliwa Cardiff, akazichezea klabu zote mbili hasimu za Hull, na akawa nahodha wa Uingereza ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 1972. Heshima ile haikumfuta mbaguzi hata mmoja, ila inaonyesha kwamba mgeni anaweza kuwa na dai juu ya mji ambalo hakuna wa kulikanusha. Nasi tumewahi kumpa mgeni dai kama hilo. Mwanasoka Mtanzania Mbwana Samatta alitoka Simba akaja TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, na ubingwa wa Afrika wa 2015 ulipopatikana kwa mabao yake, hakuna aliyeuliza babake ni wa kabila gani. Kama Lubumbashi iliweza kumpokea Samatta bila kumtaka aikane Tanzania, kwa nini tuamini kwamba kuipenda Hull kunatutaka tuikane Kaniama?

Tatizo letu kubwa zaidi liko kwenye namna tunavyoipenda Kaniama yenyewe. Tulio ughaibuni twapenda kutuma seti ya jezi na mipira, picha zikapigwa, shukrani zikatolewa, kisha kimya. Jezi huvaliwa siku moja, bali msimu huchukua miezi, na msimu unadai nauli ya kwenda kucheza Kamina, posho ya mwamuzi, dawa ya goti lililovimba, na fidia kwa kijana aliyeacha shamba siku ya mechi. Swali la Huddersfield la 1895 ni swali la Kaniama leo: nani atalipia muda wa maskini anayecheza? Siku hizi watu wa Kinshasa wanalijua jina la Kaniama kwa sababu ya kituo cha Service National cha Kaniama-Kasese, wanakopelekwa vijana wa magenge ya mitaani waitwao kuluna wakalime mahindi. Mji unaopewa kazi ya kuwarekebisha vijana wa wengine unastahili kuwa na ratiba inayoaminika kwa vijana wake wenyewe.

Hoja nzito kuliko zote ni ya familia: karo na hospitali kwanza, mpira baadaye. Ni kweli, na asiyeweza kulipa karo asiombwe hata senti. Ila ninachopendekeza si kuongeza mzigo. Fedha ileile inayotumwa kwa kishindo mara moja igawanywe iwe kidogo kila mwezi, ishikwe na kamati ya watu wanaoishi Kaniama, na hesabu zisomwe hadharani kila msimu unapoisha. Mwingine atasema Rovers wana tajiri na fedha za televisheni. Wanavyo. Mazembe pia ina Moïse Katumbi tangu 1997, na mwaka 2010 ilifika fainali ya klabu bingwa wa dunia mjini Abu Dhabi. Lakini timu inayomtegemea tajiri mmoja huishi kwa afya na siasa za mtu huyo, na Kaniama haina tajiri wa kumsubiri. Ina watoto wake waliotawanyika, wengi wao wakiwa na kipato kidogo lakini cha uhakika, na kipato cha namna hiyo ndicho kinachoufaa msimu.

Kwa hiyo anayenunua tiketi ya msimu Craven Park asione haya. Ajiulize tu kama anailipa Kaniama kwa mtindo huohuo: mapema, kwa utaratibu, bila kungoja ushindi. Akifanya hivyo, mapenzi yake kwa Hull hayatakuwa yameipunguzia Kaniama kitu. Yatakuwa yamemfundisha namna ya kuihudumia.