Kifaa Kifichwe kwa Mwizi, Si kwa Dereva
Siku hizi, hata kwetu Tindiga wilayani Kilosa, mwenye pikipiki huficha chini ya kiti kifaa kidogo cha kuifuatilia. Kifaa hicho hupokea mawimbi ya setilaiti, hukokotoa mahali kilipo, kisha huituma taarifa kwenye simu ya mmiliki kupitia laini ya kawaida. Pikipiki ikiibwa na kukimbiziwa Mikumi, kwenye barabara kuu ya Iringa, mmiliki huweza kuwaonesha polisi ilipo. Sibezi jambo hilo, maana pikipiki moja hulisha familia nzima.

Hata hivyo, mwizi huja mara moja. Dereva yupo kila siku. Mpwa wangu, anayeendesha pikipiki ya mkataba, aliniuliza: “Mjomba, hapa ninalindwa au ninachungwa?” Tajiri wake anajua alikolala na mkutano gani wa siasa alihudhuria, ilhali yeye hakuambiwa lolote wakati wa kutia saini.

Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa amjulishe mhusika. Basi mkataba useme wazi kwamba kifaa kipo, nani anakisoma na kwa sababu gani. Pikipiki ni mali ya tajiri, lakini safari za dereva si mali yake. Vijana wenzangu wa Tindiga, ulizeni kabla ya kusaini.