Kujiombea Mwenyewe Pasipo Avoka

Vijana wengi wenye diploma wananiandikia kutoka Bukavu na Lubumbashi. Swali lao ni moja: «Mzee, ulipata namna gani ruhusa ya kukaa Marekani bila kulipa avoka?» Nimekwisha kujibu mmoja mmoja, sasa nawajibu wote pamoja.

Kwanza mjue sheria. Kwa desturi, mgeni mwenye elimu huombewa na bwana wa kazi, naye bwana huyo lazima aonyeshe kwamba hakupata Mmarekani wa kufaa. Lakini sheria ya mwaka 1990 iliacha mlango mwingine. Mtu mwenye diploma ya juu, ao diploma ya kwanza ya iniversite pamoja na miaka 5 ya kazi, aweza kujiombea mwenyewe, kama kazi yake yaifaa nchi nzima. Ombi hili hupelekwa kwa karatasi iitwayo I-140. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuwa na avoka.

Mwaka 2016 serikali iliweka maswali matatu katika hukumu iitwayo Dhanasar. La kwanza: kazi unayotaka kufanya ina thamani, na faida yake yafika mbali kupita mji mmoja? La pili: wewe wafaa kuiendesha? La tatu: je, ni vema kwa nchi isikudai bwana wa kazi?

Mimi ni injinia wa maji. Nilitwaa daftari, nikaandika maswali hayo matatu, na chini yake kila neno nililotaka kusema. Kando ya kila neno nikaandika: «Nani anashuhudia?» Neno lisilo na karatasi ya kulishuhudia nililifuta. Kwa swali la kwanza nilieleza habari za mji wa Flint. Mwaka 2014 mji ule ulianza kunywa maji ya mto pasipo dawa ya kulinda mabomba, na risasi ya mabomba ya zamani ikaingia katika maji ya watu. Miji mingi ya Marekani ilikuwa na mabomba ya namna ile. Kwa hiyo kazi ya kupima risasi katika maji si ya mji mmoja tu.

Kisha zikaja barua za mashahidi. Mwalimu mmoja aliniambia: «Andika mwenyewe, jisifu upendavyo, mimi nitatia sahihi.» Nilimshukuru, lakini sikukubali. Nilimpelekea orodha ya kazi tulizofanya pamoja, nikamwomba aandike yale aliyoyaona kwa macho yake. Barua yake ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema nilipima maji ya nyumba kwa miaka 2, na kwamba wanafunzi wake wanafuata namna yangu ya kupima. Haikuwa na sifa kubwa, lakini kila neno liliweza kuchunguzwa.

Hapa, vijana, angalieni sana. Wako watu wanaouza maandiko na vyeti vya sifa. Anayeidanganya serikali ya Marekani kwa makusudi juu ya jambo kubwa aweza kufungiwa mlango maisha yake yote. Kushindwa kwa ukweli si hivyo: aliyekataliwa aweza kuleta ombi lingine.

Mke wangu aliniuliza: «Baba Furaha, ukikosa je?» Fedha ya avoka ingetosha kumwezekea mama yangu nyumba ya mabati kule Bukavu. Nikamjibu: «Tukikosa, tutakuwa tumepoteza malipo ya serikali tu, na nyumba ya mama itakuwa na mabati.» Tangu Aprili 2024 malipo hayo yalikuwa dola 715, pamoja na dola 300 kwa mtu anayejiombea.

Diploma yangu imeandikwa kwa Kifaransa. Kila karatasi isiyo ya Kiingereza lazima ifasiriwe yote, na mfasiri atie sahihi kwamba amefasiri kwa ukamilifu na kwamba azijua lugha hizo. Mwenzangu Mkongo, mwalimu wa lugha, alinifanyia.

Baada ya miezi, serikali iliniandikia ikidai ushahidi zaidi juu ya swali la kwanza. Nilirudi katika daftari, nikajibu neno kwa neno. Ombi likakubaliwa. Lakini mjue: kukubaliwa kwa I-140 si kupata bado ruhusa ya kukaa. Mtu hungoja zamu yake kwa tarehe ya ombi, na wengine hungoja miaka.

Sisemi kwamba avoka hana kazi. Mtu aliyepata kufungwa, ao kufukuzwa nchini, ao kukaa kupita siku zake, amtafute avoka wa kweli. Asimfuate jirani anayejiita fundi wa karatasi: kule Marekani, ni avoka ao mtu aliyeidhinishwa na serikali tu awezaye kutoa shauri la sheria.

Nanyi mlio bado Kongo, msingoje siku ya safari. Kila kazi mnayoimaliza, ombeni cheti chenye tarehe, muhuri na sahihi. Kifanyieni nakala mbili, na nakala moja iwekwe kwa ndugu akaaye mji mwingine. Vita na moto vimekwisha kula diploma nyingi kwetu.