Kabati la Visanduku Kumi na Sita

Mwanadamu alipoacha kutangatanga akajenga nyumba, haja yake iliyofuata paa ilikuwa ni mahali pa kuweka vitu. Katika nyumba za zamani za Wameru na Waembu palikuwa na uchaga wa fito juu ya meko. Kuni ziliwekwa huko zikauke, na mbegu za msimu ujao zikahifadhiwa katika moshi ili wadudu wasizile. Huko pwani, mafundi wa Lamu waliojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa walitengeneza vidaka katika kuta za ndani, safu juu ya safu. Wenyewe huviita zidaka. Humo wenye nyumba walipanga sahani za kaure na vyombo vingine vya thamani. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na mgeni aendaye huko aweza kuviona vidaka hivyo kwa macho yake.

Haja hiyo haijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba wengi wetu hatuishi katika nyumba tulizozijenga. Mwalimu ni mtu wa kuhama. Tangu nilipotoka chuo cha ualimu nimehama mara 3, na mara 2 kati ya hizo nimeuvuka mto Thuci, unaotenganisha nchi ya Embu na nchi ya Meru, vitabu vyangu vikiwa katika makatoni juu ya gari la mizigo. Nyumba niliyokuwa nikikaa kabla ya hii ilikuwa na unyevu sakafuni, na penye unyevu mchwa hawakawii. Siku moja nilishika kitabu cha chini katika katoni, likabaki jalada mkononi. Kurasa zilikuwa zimekwisha kuwa udongo. Tangu siku hiyo nilitaka kabati. Walakini kabati kubwa la kipande kimoja halipiti mlangoni, na rafu zilizojengwa ukutani hubaki kuwa mali ya mwenye nyumba. Nilihitaji kitu ambacho kingekuwa ukuta nikikaa, na kingekuwa mzigo nikihama.

Wazo hilo si langu, wala si geni duniani. Mwaka 1949, huko Uswidi, kampuni ya vitabu ya Bonnier iliandaa shindano la kubuni rafu ya vitabu. Ilitakiwa iwe rahisi kwa bei, rahisi kuchukulika, na rahisi kwa mnunuzi mwenyewe kuiunganisha nyumbani. Mshindi alikuwa Nils Strinning, msanifu wa majengo, na rafu yake ilifanywa kwa vipande vichache tu: ngazi nyembamba za waya na mbao za kulaza juu yake. Mwenye haja ya nafasi zaidi aliongeza vipande. Si ajabu kwamba shindano hilo liliandaliwa na wachapishaji, maana asiye na rafu hununua vitabu vichache.

Mbao zangu zilitoka karibu zaidi ya Uswidi. Ukingoni mwa shamba letu la kahawa palisimama mti ambao sisi twauita mukima, na wengine huuita grevilea. Asili yake ni Australia, ukaletwa Afrika Mashariki kuwa kivuli cha chai na kahawa, na leo ni vigumu kupata shamba la Embu au Meru lisilokuwa nao mpakani. Mti huo ulipandwa na marehemu baba yangu nilipokuwa mtoto wa kubebwa. Mwaka ambao mdogo wangu aliitwa chuoni, Mama aliamua kuuuza kwa wachuuzi wa mbao ili apate karo. Nilimwomba aniuzie mimi.

“Wewe ni mwanangu,” alisema, “lakini karo haina undugu.” Akanitajia bei ile ile aliyoahidiwa na mchuuzi. Nililipa yote; sikupunguziwa hata shilingi moja, nami sikuomba kupunguziwa. Basi mti ulipoangushwa nilijua kwamba hauna wa pili. Mbao za dukani zikiharibika hununuliwa nyingine; mbao za mti ule hazikuwa na duka.

Nilimwendea fundi mmoja mzee, jirani yetu, mwenye karakana ya mabati kando ya barabara. Magogo mawili yalipasuliwa yakatoa mbao 12, kila moja yenye urefu wa futi 10, upana wa inchi 10 na unene wa inchi 1. Nikamwuliza, “Mzee, naweza kuanza lini?”

Akapitisha kidole juu ya ubao mbichi, akasema, “Mwalimu, ubao ni mgeni. Usimpe kazi siku anayofika.”

Akanionyesha namna ya kuzipanga mbao kivulini, vijiti vya unene mmoja vikiwa katikati yake ili upepo upite, na mawe mazito juu ili zisijipinde. Mti mbichi hujaa maji, na maji yakitoka ubao hunywea. Haunywei sana kwa urefu, bali kwa upana. Atengenezaye kabati kwa mbao mbichi huona viungo vyake vikiachana baada ya miezi michache, akadhani gundi ni mbaya. Nilingoja kutoka Januari hadi likizo ya Agosti. Katika muda huo nilifanya kazi isiyohitaji msumeno, nayo ni kufikiri.

Ukuta niliokusudia ulikuwa na upana wa sentimita 240 kutoka pembeni hadi mlangoni. Sikuanza na ukuta huo, maana ukuta wa nyumba ya kupanga ni wa leo tu. Nilianza na kile kitakachowekwa. Karatasi ya A4, ambayo ndiyo kipimo cha majalada na madaftari makubwa, ina urefu wa sentimita 29.7. Basi kila kisanduku kiwe na nafasi ya sentimita 32 ndani, vidole vipate pa kupita. Mbao zikishapigwa randa hubaki na unene wa sentimita 2. Kwa hiyo urefu wa nje ni sentimita 36. Kipimo hicho, 36, nilikifanya mzazi wa vipimo vyote. Kisanduku kidogo kikawa 36 kwa 36, na kikubwa 72 kwa 36, ili viwili vidogo vikae mahali pa kimoja kikubwa bila ugomvi. Nilichora safu 4, kila safu yenye vikubwa 2 na vidogo 2: jumla visanduku 16, upana sentimita 216, kimo sentimita 144. Vipande hivyo vyaweza kupangwa upya katika chumba chembamba au kipana, kwa kimo au kwa ulalo, kama herufi zinavyopangwa kuwa maneno mbalimbali.

Kisha nikahesabu vipande. Juu na chini ya visanduku vikubwa: vipande 16 vya sentimita 72. Juu na chini ya vidogo: vipande 16 vya sentimita 36. Pande za kusimama za visanduku vyote: vipande 32 vya sentimita 32. Ubao wa futi 10 una takriban sentimita 305. Mwanafunzi na achukue kalamu ajaribu: mara 4 ya 72 ni 288, mara 8 ya 36 ni 288, mara 9 ya 32 ni 288 vilevile. Kila ubao ulibakiza sentimita 17 au zaidi za kulisha meno ya msumeno na ncha zilizopasuka. Mbao 10 zilitosha vipande vyote 64. Wa 11 ukawa msingi wa kunyanyua kabati sentimita 10 kutoka sakafuni, mbali na unyevu na mchwa, na wa 12 ukabaki akiba. Nilipoiona hesabu hiyo karatasini, hofu ya kuupoteza mti wa baba ilipungua. Hesabu ambayo wanafunzi huilaumu kuwa haina kazi ndiyo iliyonilindia mali.

Siku za kukata, fundi alinikopesha guni na keekee, akakaa kwenye kigoda akitazama. Unga wa mukima huwasha ngozi ya watu wengine, nami nilivaa mikono mirefu juani. Vipande vilipounganishwa kwa gundi na parafujo, kila kisanduku nilikipima kona kwa kona. Vipimo viwili vya kona vikilingana, kisanduku kimenyooka. Kikubwa kilitakiwa kitoe sentimita 80.5, kama kanuni ya Pythagoras isemavyo. Nyuma nilipigilia plaiwudi nyembamba. Fito 4 zilizopigiliwa pembeni huweza kusukumwa zikalala upande, lakini fito 3 hazisukumiki. Pembetatu haina pa kukimbilia. Plaiwudi ya nyuma hufanya kazi ya pembetatu nyingi kwa pamoja.

Wengine waliniuliza kwa nini sikufanya rafu ndefu za ukuta mzima na kuokoa mbao. Jibu ni uzito. Mita moja ya vitabu yaweza kuwa na kilo 30. Chini ya mzigo ulioenea sawasawa, rafu ikiongezwa urefu mara 2, kupinda kwake huongezeka mara 16. Ndiyo sababu rafu ndefu huanza kucheka katikati kabla ya mwaka kwisha. Rafu zangu hazizidi sentimita 68 kutoka mhimili hadi mhimili, nazo hazijacheka.

Wapita njia nao walisema yao. “Mwalimu, serikali imeacha kulipa mshahara?” aliuliza mmoja, watu wakacheka. Sikukasirika, ila neno lile lilinifikirisha. Wengi wetu tumefundishwa kwamba elimu ni kupandishwa mbali na vumbi. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985, ulitaka kuiponya dhana hiyo kwa useremala na ufundi mwingine, lakini shule nyingi hazikuwa na randa wala karakana, na mtihani wa karatasi haumfundishi mtu kushika msumeno. Yule mzee hakuwahi kumaliza shule ya msingi. Hata hivyo alijua juu ya mti mambo ambayo sikuyakuta katika kitabu chochote cha chuoni kwetu, naye alinipa bila kuuliza nitamlipa nini.

Visanduku viliunganishwa ubavu kwa ubavu kwa bolti na nati, viungo vingi vya safu moja visiangukie viungo vya safu nyingine, kama mjengo wa mawe. Nina binti wa miaka 2 apendaye kupanda kila kitu. Kwa hiyo nilimwomba mwenye nyumba ruhusa ya matundu 2 ukutani, safu ya juu ikafungwa isije ikamwangukia. Alikubali, kwa sharti kwamba nitayaziba siku nitakapohama.

Mama alikuja kulitazama. Hakulisifu. Alipitisha kiganja juu ya mbao, polepole, kisanduku kwa kisanduku, kisha akauliza, “Ipi ni sehemu ya chini ya mti?” Nikamwonyesha. Akaegemeza mkono hapo kwa muda, akaomba maji ya kunywa. Mdogo wangu alikuwa tayari chuoni, na karo ya mwaka ule ilikuwa imelipwa.

Kijana usomaye, huenda usiwe seremala, wala huhitaji kuwa. Lakini siku moja utapewa kitu kisichokuwa na cha pili: shamba, fedha za mzazi, au miaka yako minne ya shule. Usikimbilie msumeno. Kiache kikauke, ujue kitabeba nini, ukipime mara mbili karatasini, na umtafute ajuaye kuliko wewe hata kama hana cheti cha kukuonyesha. Baada ya hapo kata bila kutetemeka, maana mbao zinazoogopwa huishia kuliwa na mchwa.