Imani, sayansi na mawe ya Isimila

Kwa kizazi kilichokulia Mgololo, wilayani Mufindi, baada ya kiwanda cha karatasi kuanza kazi mwaka 1985, imani ya Kikristo haikugombana na sayansi yote. Ugomvi ulikuwa juu ya asili ya binadamu na umri wa dunia.

Sayansi nyingine ilizoeleka. Southern Paper Mills ilipika vipande vya miti ya paini kutoka msitu wa Sao Hill kwa kostiki na salfaidi ya sodiamu, katika joto la nyuzi 170 hivi, hadi kile kinachogandisha nyuzi za mti kikayeyuka na kubaki rojo la kutengenezea karatasi. Harufu yake ya yai viza iliwafikia watu majumbani. Waliosimamia joto hilo zamu ya usiku ndio hao hao waliosimama kwenye kwaya Jumapili, na mwandishi wa kumbukumbu hii hakumbuki kusikia wakiambiwa wachague. Tiba nayo haikuleta shida. Wamoraviani na wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin, waliofika Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891, walikuja na shule na dawa pamoja na Injili.

Utata ulianzia kwenye kipindi cha Historia. Darasani mtoto alifundishwa habari za Zinjanthropus, ambaye fuvu lake lilipatikana Olduvai Julai 1959 na Mary Leakey, lenye umri wa zaidi ya miaka milioni moja na nusu. Katika shule ya Jumapili alifundishwa Adamu aliyeumbwa kwa mavumbi. Akajifunza kutunza majibu mawili, moja la mtihani na jingine la kipaimara. Wapo walimu waliotanguliza kusema kwamba wanafundisha hayo kwa kuwa tu yamo kwenye mtaala. Madhara yake yalikuwa makubwa: sayansi ikawa kitu cha kukariri, na imani ikawa kitu cha kufichwa kisiulizwe.

Kwa mwandishi, hali hiyo ilibadilika Isimila, kilomita 20 hivi kabla ya kufika Iringa mjini kwa anayetoka Mafinga. Ni korongo lenye nguzo ndefu za udongo, ambako F. Clark Howell alichimba mwaka 1957 na 1958. Shoka la mawe la pale limechongwa pande zote mbili, huku na huku zikilingana. Ncha yake ni nyembamba, na kitako chake kinene kinajaa kiganja. Linakadiriwa kuwa na miaka 260,000 hivi. Anayelishika anatambua kwamba aliyelichonga aliona umbo akilini kabla ya kulipiga jiwe. Hapo hesabu ya kwamba dunia ina miaka 6,000, inayosikika bado kwenye mikutano ya injili, haikuweza kusimama tena. Hesabu hiyo haimo katika Biblia. Aliyeieneza zaidi ni Askofu James Ussher wa Ireland, aliyejumlisha vizazi na tawala na kuichapisha mwaka 1650.

Imani haikuanguka pamoja na hesabu hiyo. Mwafrika Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria, alikwisha kuandika kwamba siku za kitabu cha Mwanzo si lazima ziwe siku za kawaida, na akawaonya Wakristo wasijiaibishe kwa kubishia mambo ya asili yanayojulikana wazi. Papa Pius XII aliruhusu mwaka 1950 asili ya mwili wa binadamu ichunguzwe kisayansi, huku roho ikikiriwa kuwa imeumbwa na Mungu. Mwaka 1996 Yohane Paulo II alikubali kwamba mageuzi ya viumbe ni zaidi ya dhana. Louis Leakey mwenyewe, mume wa Mary, alizaliwa misheni ya Kabete nchini Kenya, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana.

Makanisa hayajakubaliana. Waadventista Wasabato wanashikilia siku sita halisi, na wengi wa Wapentekoste wa Mufindi wanaona hivyo hivyo. Lakini anayesoma Mwanzo ili ajue ni nani aliyeumba na kwa nini hana sababu ya kuliogopa jiwe la Isimila.

Walimu wa shule za Jumapili za Mufindi wawapeleke watoto huko, wawaache walishike shoka hilo, na maswali yatakayokuja wayajibu wao wenyewe, bila kuyasukumia kwa mwalimu wa Historia.